Jinsi ya Kufunga Kifaa cha Bluetooth cha Kuzungumzia Simu Bila Mikono Ndani ya Gari

Mtu yeyote mwenye subira, bisibisi mbili tatu na multimita (kifaa cha kupimia umeme) anaweza kufunga kifaa cha Bluetooth cha kuzungumzia simu ndani ya gari kwa muda wa saa tatu au nne. Ninazungumzia hapa kile kifaa kamili kinachofungwa nyuma ya redio, chenye kisanduku chake, maikrofoni yake na vitufe vyake, na ambacho sauti yake hutoka kwenye spika za gari lenyewe. Sizungumzii kile kidogo kinachobanwa kwenye kizuia jua, wala kile kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, kwa sababu hivyo havihitaji zaidi ya kuchajiwa au kuchomekwa na kuoanishwa na simu.

Nimefunga vifaa vya namna hii kwenye magari yangu na ya jamaa zangu, na nimeona kwamba malalamiko mengi yanayokuja baadaye, iwe ni betri kuisha nguvu usiku, kifaa kujizima katikati ya mazungumzo, au mtu wa upande wa pili kusema hasikii, huwa na chanzo kimoja kati ya viwili: waya wa umeme uliochukuliwa mahali pasipofaa, au maikrofoni iliyowekwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo nitapita upesi kwenye mambo mengine na kukaa zaidi kwenye hayo mawili.

Elewa kifaa kabla ya kugusa gari

Bluetooth ni mawasiliano ya redio ya masafa mafupi yanayotumia masafa ya gigahatsi 2.4. Simu ya kawaida huwasiliana na kifaa kilicho umbali wa takriban mita 10, na hiyo ndiyo sababu kisanduku kinaweza kufichwa ndani kabisa ya dashibodi bila kuharibu mawasiliano, alimradi hakikuzungukwa na chuma pande zote. Simu inapoingia, kifaa hupokea sauti ya mpigaji kutoka kwenye simu yako, huipitisha kwenye spika za gari, na wakati huohuo hurudisha sauti yako kutoka kwenye maikrofoni.

Ili redio isiendelee kupiga muziki juu ya mazungumzo, kifaa hutumia njia moja kati ya mbili. Vingine hutuma ishara kwa redio kupitia waya mmoja mwembamba unaoiambia inyamaze. Vingine vina swichi ya ndani inayozitenga spika na redio kwa muda na kuziunganisha na kikuza sauti cha kifaa chenyewe. Soma kijitabu cha kifaa chako ujue chako kinatumia njia ipi, kwa maana jambo hilo ndilo litakaloamua nyaya utakazounganisha.

Kabla ya kununua, hakikisha mambo matatu. Kwanza, gari dogo hutumia umeme wa volti 12 na malori mengi hutumia volti 24. Kifaa cha volti 12 kikiunganishwa moja kwa moja kwenye volti 24 huungua. Pili, angalia kama spika za gari zinaendeshwa na redio yenyewe au na kikuza sauti cha pembeni kilichofichwa chini ya kiti au kwenye buti, kwa sababu katika hali ya pili utahitaji kiunganishi maalumu cha gari hilo. Tatu, chunguza kama redio uliyo nayo haina Bluetooth tayari. Redio nyingi zinayo, ila hazina maikrofoni iliyounganishwa, na mwenye gari huhangaika kununua kifaa kizima ilhali alihitaji maikrofoni tu ya kuchomeka nyuma ya redio. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya maikrofoni.

Zana utakazohitaji ni multimita, bisibisi ya msalaba na ya bapa, spana namba 10 kwa ajili ya betri, vijiti vya plastiki vya kubandulia vifuniko vya dashibodi, koleo ya kumenyea waya, koleo ya kubania viunganishi au chuma cha kulehemu, fyuzi ndogo yenye kishikio chake, utepe wa umeme, utepe wa kitambaa wa kufungia nyaya, na vibano vya plastiki. Usitumie bisibisi ya chuma mahali pa kijiti cha plastiki, kwa kuwa mkwaruzo kwenye dashibodi hautoki.

Hatua ya 1: Tenganisha betri

Egesha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, toa ufunguo kwenye swichi na uuweke mbali. Ikiwa redio ya gari ina namba ya siri inayoombwa kila umeme unapokatika, itafute na uiandike sasa, kabla hujalegeza chochote. Kisha legeza kichwa cha hasi cha betri, ambacho kwa kawaida kina alama ya kutoa na waya mweusi, ukisogeze pembeni na kukifunika kwa kitambaa ili kisijirudishe chenyewe.

Hasi hutangulia kutolewa kwa sababu bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi kwa bahati mbaya, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo na unaweza kukuunguza.

Baada ya hapo subiri dakika kadhaa kabla ya kuanza kubandua vifuniko. Mifuko ya hewa ya usalama huhifadhi umeme wake kwa muda mfupi hata betri ikitolewa, na baadhi ya nyaya zake hupita ndani ya dashibodi na kwenye nguzo za kioo cha mbele. Nyaya na plagi zake mara nyingi ni za rangi ya manjano au zimefunikwa kwa kitambaa cha manjano. Usizikate, usizipime kwa multimita, wala usichukue umeme kutoka kwazo kwa sababu yoyote ile.

Hatua ya 2: Toa redio

Redio za ukubwa wa kawaida, zenye upana wa takriban milimita 180 na kimo cha milimita 50 au 100, hushikiliwa na vibano vya chuma pembeni vinavyolegezwa kwa funguo bapa zinazoingizwa kwenye vitundu vya mbele, au hufungwa kwa skrubu zilizofichwa nyuma ya fremu ya plastiki. Bandua fremu polepole kuanzia pembe moja. Ikigoma, simama utafute skrubu uliyoisahau badala ya kuongeza nguvu. Tandika taulo juu ya gia na sehemu ya chini ya dashibodi, kisha ivute redio hadi uone plagi zilizo nyuma yake.

Kabla ya kuchomoa hata plagi moja, piga picha mbili au tatu kwa simu yako. Waya wa antena, plagi ya umeme na plagi ya spika huonekana rahisi kukumbuka zikiwa mbele yako, lakini baada ya saa mbili za kuinama chini ya usukani, picha hiyo itakuokoa.

Hatua ya 3: Tambua nyaya kwa kupima

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiharakisha. Kifaa kinahitaji nyaya tatu za umeme. Wa kwanza ni waya wenye umeme wakati wote, ambao hukiwezesha kukumbuka simu zilizooanishwa na majina ya watu. Wa pili ni waya unaopata umeme tu ufunguo unapozungushwa, ambao hukiambia kiamke na kilale. Wa tatu ni waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari.

Magari mengi na redio nyingi hutumia plagi ya kimataifa inayofuata kiwango cha ISO 10487, yenye vipande viwili vya pini nane nane. Kipande A ni cha umeme: pini ya 4 ni umeme wa wakati wote, pini ya 7 ni umeme wa ufunguo, na pini ya 8 ni ethi. Kipande B ni cha spika: pini 1 na 2 ni spika ya nyuma kulia, 3 na 4 ya mbele kulia, 5 na 6 ya mbele kushoto, 7 na 8 ya nyuma kushoto. Kwenye redio zinazouzwa madukani, waya wa wakati wote kwa kawaida ni wa manjano, wa ufunguo ni mwekundu na wa ethi ni mweusi. Hata hivyo, nyaya za gari lenyewe zina rangi alizochagua mtengenezaji, na katika baadhi ya magari, hasa ya Kijerumani, pini ya 4 na ya 7 zimebadilishana kazi. Kwa hiyo rangi na namba vikupe dokezo tu, kisha multimita ndiyo iamue.

Rudisha kichwa cha betri kwa muda, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna plagi ya mfuko wa hewa uliyoichomoa, kwa sababu ukiwasha gari plagi hiyo ikiwa nje taa ya onyo itawaka na huenda ikahitaji mashine ya fundi kuizima. Weka multimita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja (DC), kipimo cha 20. Gusisha ncha nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, na nyekundu kwenye pini unayoipima. Ufunguo ukiwa nje, pini yenye volti 12 na nusu hivi ndiyo ya wakati wote. Sasa zungusha ufunguo hadi hatua ya kwanza, ile inayowasha redio kabla ya injini: pini iliyokuwa sifuri ikapanda hadi volti 12 ndiyo ya ufunguo. Toa ufunguo tena, fungua na ufunge mlango wa dereva, kisha uipime mara ya pili. Magari mengine huacha umeme huo hai hadi mlango ufunguliwe, na mengine kwa dakika kadhaa zaidi, jambo ambalo si kosa alimradi hatimaye unashuka hadi sifuri.

Ninasisitiza kupima kwa sababu niliwahi kufunga kifaa kwenye gari la mjomba wangu kwa kufuata rangi peke yake. Kila kitu kilifanya kazi jioni ile: simu iliita, majina yakaonekana, mjomba akafurahi. Siku ya tatu alinipigia alfajiri kuniambia gari haliwaki. Nilikwenda nikapima, nikakuta betri ina volti 11.6. Nilikuwa nimebadilisha waya wa wakati wote na wa ufunguo, na kifaa hakikuwahi kulala hata mara moja. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kifaa kinachovuta ampea 0.2 tu, kikiachwa macho kwa saa 60, humaliza ampea-saa 12, ambazo ni zaidi ya robo ya betri ya ampea-saa 45. Nyaya zikibadilishana, dalili nyingine ni kifaa kusahau simu zote kila ufunguo unapotolewa.

Kuna magari mapya ambayo nyuma ya redio hakuna waya wa ufunguo kabisa, kwa sababu redio huamshwa kwa ujumbe wa kompyuta ya gari. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ni bora, ni kununua kiunganishi cha gari hilo kinachosoma ujumbe huo na kutoa volti 12 kwa kifaa. Ya pili ni kuchukua umeme kwenye boksi la fyuzi kwa kutumia kishikio cha fyuzi mbili kinachochomekwa mahali pa fyuzi iliyopo. Chagua fyuzi ya kitu kisichohusu usalama, kwa mfano ya redio au ya tundu la kuchajia, baada ya kupima kwamba inazimika ufunguo unapotolewa. Usiguse fyuzi za breki, mifuko ya hewa, usukani wala injini.

Ukishazipata nyaya zote tatu, weka alama kwa kipande cha utepe kilichoandikwa, kisha ondoa tena kichwa cha hasi cha betri.

Hatua ya 4: Unganisha nyaya

Ikiwa kifaa kimekuja na mkia wenye plagi za ISO, kazi ni ya kuchomeka tu: mkia hukaa kati ya plagi ya gari na redio, na nyaya zote hupita ndani yake. Ikiwa pini za gari lako zimebadilishana, mikia mingi ina viungo vidogo vinavyochomoka kwenye waya wa manjano na mwekundu ili uvivushe, yaani wa manjano uuchomeke kwenye mwekundu na mwekundu kwenye wa manjano. Vivushe hapo, wala usikate waya wa gari.

Pasipokuwa na plagi inayolingana, tafuta kwanza kiunganishi cha kubadilishia cha aina ya gari lako. Kukata nyaya za gari kuwe njia ya mwisho kabisa, na ukilazimika, lehemu kiungo na ukifunike kwa mpira unaojibana kwa joto, au kibane kwa kiunganishi cha chuma na koleo yake halisi. Kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga utepe ni kiungo cha wiki chache. Gari hutikisika, utepe hulegea kwa joto la dashibodi, na siku moja kifaa hujizima katikati ya mazungumzo.

Kila waya wa umeme uwe na fyuzi, na fyuzi hiyo ikae karibu na mahali umeme unapochukuliwa, si karibu na kifaa. Fyuzi hulinda waya, na sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi wowote. Tumia ukubwa ulioandikwa kwenye kijitabu cha kifaa na usiuzidishe.

Waya wa ethi uunganishe palepale redio inapopata ethi yake. Ukiupeleka kwenye skrubu nyingine mbali na hapo, tofauti ndogo ya umeme kati ya sehemu hizo mbili huingia kwenye spika kama mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.

Neno moja kuhusu spika. Waya wa hasi wa spika si ethi. Redio nyingi za kisasa huendesha nyaya zote mbili za spika kwa umeme, na ukiugusisha mmojawapo kwenye bodi ya gari, unaweza kuunguza kikuza sauti cha redio mara moja. Kila spika ibaki na nyaya zake mbili, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

Hatua ya 5: Weka maikrofoni

Ukikosea umeme, gari litakuonyesha. Ukikosea maikrofoni, wewe hutajua, kwa sababu wewe unasikia vizuri. Anayeteseka ni yule unayezungumza naye. Nilipofunga kifaa changu cha kwanza niliibandika maikrofoni juu ya dashibodi karibu na usukani, mahali palipoonekana pazuri kwa macho. Nikampigia dada yangu nikiwa njiani, jua likiwaka, naye akaniuliza kama mvua niliyopo ni kubwa. Alichokuwa anakisikia ni upepo wa feni ukitoka kwenye tundu la hewa, sentimita chache tu chini ya maikrofoni.

Mahali pazuri ni juu, karibu na mdomo na mbali na upepo: pembeni mwa kizuia jua cha dereva, kwenye dari kati ya kizuia jua na kioo cha kutazamia nyuma, au sehemu ya juu kabisa ya nguzo ya kioo cha mbele. Umbali wa sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni unafaa. Umbali una uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa maana ukiuongeza mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hupungua hadi robo, ilhali kelele za magurudumu na injini hubaki zilivyo. Maikrofoni nyingi za gari husikia zaidi upande mmoja. Tafuta mshale au uso wenye vitundu na uuelekeze mdomoni mwako, si kwenye kioo cha mbele, ambacho hurudisha sauti kama ukuta.

Iweke mbali pia na spika. Mpigaji anaposema kwamba anajisikia mwenyewe akirudiwa, maana yake sauti yake inatoka kwenye spika yako, inaingia kwenye maikrofoni yako na kumrudia. Kifaa kina uwezo wa kuifuta sehemu kubwa ya mwangwi huo, lakini hakiwezi kushinda maikrofoni iliyowekwa sentimita 20 mbele ya spika ya mlango.

Usiibandike moja kwa moja. Ishikize kwa utepe, waya ukining'inia, uahirishe kuuficha hadi umalize majaribio ya hatua ya 7. Ukisharidhika na mahali, sukuma waya kwa kidole kwenye ufa ulio kati ya dari na kioo cha mbele, uufuate hadi kwenye nguzo, kisha ushuke nao ndani ya mpira wa mlango au nyuma ya kifuniko cha nguzo hadi kwenye dashibodi.

Hapo kwenye nguzo ndipo ninapokuomba uwe na uangalifu mkubwa. Magari mengi yana mfuko wa hewa wa pembeni uliokunjwa ndani ya nguzo na kando ya dari. Waya ukipita mbele ya mfuko huo, ajali ikitokea unaweza kuuzuia kufunguka inavyotakiwa, au kurushwa usoni kwako. Ukiona maandishi ya onyo la mfuko wa hewa kwenye kifuniko cha nguzo, pitisha waya kwenye mpira wa mlango, au uupitishe nyuma kabisa ya mfuko, ukiufunga pamoja na nyaya za gari zilizopo tayari. Vibano vya kifuniko hicho katika baadhi ya magari ni vya kutumika mara moja tu, na ukikibandua lazima uviweke vipya.

Hatua ya 6: Weka vitufe na kisanduku

Vitufe vikae mahali mkono unapofika bila mgongo kuondoka kwenye kiti na macho kuondoka barabarani, lakini visiwe juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wala mbele ya goti. Safisha mahali hapo kwa spiriti, subiri pakauke, kisha bandika na uache gundi ishike kwa saa 24 kabla ya kuvibonyeza kwa nguvu. Kisanduku kifunge kwa sponji nyembamba ili kisigonge, ukiweke nyuma ya redio au ya kisanduku cha abiria, mbali na mabomba ya hita, na ukifunge kwa kibano cha plastiki. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na ukanyage pedali zote, ukihakikisha hakuna waya unaovutwa wala unaogusa.

Hatua ya 7: Washa, oanisha na ujaribu

Rudisha betri kabla ya kufunga dashibodi. Zungusha ufunguo, kifaa kiwake, na redio ipige spika zote kama ilivyokuwa. Fungua mipangilio ya Bluetooth kwenye simu, tafuta jina la kifaa na uligonge. Vifaa vyenye kioo vinavyofuata toleo la 2.1 la mwaka 2007 au la baadaye huonyesha namba ya tarakimu sita kwenye simu na kwenye kioo cha kifaa, nawe unathibitisha kwamba zinafanana. Vya zamani huomba namba fupi, mara nyingi 0000 au 1234, na vipya visivyo na kioo mara nyingi huoanishwa bila namba yoyote. Simu ikiuliza kama kifaa kiruhusiwe kusoma anwani zako, kubali ikiwa unataka majina yaonekane. Ukikataa kwa haraka, utaona namba tupu na utadhani kifaa ni kibovu.

Sasa mwombe mtu mwenye subira akupigie. Zungumza naye kwanza gari likiwa limesimama na injini imezimwa, kisha injini ikiwa inanguruma, kisha feni ikiwa kwenye kasi ya juu, na hatimaye mpe abiria mwenye leseni usukani ili wewe uketi pembeni na kusikiliza wakati gari linakwenda. Mwulize huyo aliyekupigia mambo mahususi: sauti inakatika mwanzoni mwa maneno? anajisikia mwenyewe? kuna mlio? Jibu la "nakusikia vizuri" halikupi chochote cha kurekebisha.

Sauti yako ikiwa hafifu, sogeza maikrofoni kabla ya kuongeza nguvu yake kwenye mipangilio, kwa kuwa nguvu ikiongezwa kelele nazo huongezeka. Mwangwi ukibaki, punguza sauti ya spika kwanza, kisha nguvu ya maikrofoni. Redio isiponyamaza, chunguza ule waya mwembamba wa kunyamazisha na mipangilio ya redio, ambayo baadhi huuzima hadi uuwashe mwenyewe. Mlio unaofuata mwendo wa injini unakurudisha kwenye ethi. Spika moja isiyotoa sauti ni pini iliyorudi nyuma ndani ya plagi, ichomoe uangalie. Kifaa kikisema kimeunganishwa lakini sauti inatoka kwenye simu, fungua jina la kifaa kwenye mipangilio ya simu na uone kama ruhusa ya simu imewashwa pamoja na ile ya muziki.

Mambo yote yakikaa sawa, ficha waya wa maikrofoni, funga plagi kwa utepe wa kitambaa zisigongane, rudisha redio polepole huku ukisukuma nyaya pembeni mwake na si nyuma yake, kisha fremu.

Kuhusu matumizi

Kifaa hiki huirudisha mikono yako kwenye usukani, lakini hakirudishi akili yote barabarani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko inayoshikwa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husogea mita 22 kila sekunde. Kwa sababu hiyo mimi hutumia kifaa changu kwa maneno machache: kupokea, kusema niko njiani, na kuahidi kupiga nikiegesha. Namba ya kupiga huichagua kabla ya kuondoka, na mazungumzo ya kugombana au ya hesabu husubiri. Sheria nazo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na zipo zinazomkataza dereva aliyepata leseni karibuni kutumia hata kifaa kisichoshikwa, kwa hiyo fahamu ya kwako.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha gari, pima betri. Volti 12.4 au zaidi zinaonyesha kwamba kifaa kinalala usiku. Zikipungua siku baada ya siku, rudi hatua ya 3. Plagi na vipande vya mkia vilivyobaki vitie kwenye mfuko pamoja na kijitabu, uviweke kwenye kisanduku cha abiria, kwa kuwa atakayetoa redio hiyo baadaye atavihitaji. Na siku utakapouza gari, futa simu zote na majina yote kwenye kumbukumbu ya kifaa kabla ya kukabidhi ufunguo.